Kerneli inaanguka leo, kesho haianguki: kusaka hali ya mbio kuanzia dalili hadi chanzo

Hitilafu nyingi za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, zina adabu. Ukirudia hatua zilezile zinatokea palepale, na ripoti inakuonyesha mstari ulioharibu mambo. Hali ya mbio haina adabu hiyo. Seva inaanguka Jumatatu, inakaa siku kumi kimya, kisha inaanguka mara tatu usiku mmoja, na kila mara ripoti inataja sehemu ya kerneli isiyo na undugu na ile ya mwanzo. Watu wanabadilisha RAM, wanabadilisha kebo, wanalaumu joto. Hitilafu iko palepale, inangoja.

Hali ya mbio (race condition) kwa maneno mafupi ni hii: njia mbili za utekelezaji zinagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, angalau moja inakibadilisha, na matokeo yanategemea ipi imetangulia. Ndani ya kerneli njia hizo zinaweza kuwa nyuzi mbili za programu moja zilizo kwenye prosesa mbili, au wito wa mfumo (programu ikiiomba kerneli kazi) na ukatizaji (interrupt) unaotoka kwenye kifaa, au kazi iliyowekwa foleni na mtumiaji ambaye ameshafunga faili. Mfano mdogo kabisa ni huu:

```
/* njia A: mtumiaji anaandika */
if (dev->buf)
        memcpy(dev->buf, data, n);

/* njia B: mtumiaji mwingine anafunga kifaa */
kfree(dev->buf);
dev->buf = NULL;
```

Njia A imekagua, ikakuta bafa ipo. Kabla haijaanza kunakili, B imeiachilia. A inaendelea kuandika kwenye kumbukumbu ambayo si yake tena, na huenda tayari imepewa sehemu nyingine ya kerneli. Pengo lililopo kati ya kukagua na kutumia tuliite dirisha. Laweza kuwa la nanosekunde chache tu, na hapo ndipo watu wengi hujifariji: "Haiwezi kutokea." Kwa matumizi ya kawaida, pengine kweli. Lakini mshambuliaji hangoji bahati. Anazungusha miito ile miwili mara milioni, na baadaye tutaona jinsi anavyolishika dirisha lenyewe akalitanua.

Mifano mingi hapa ni ya Linux kwa sababu msimbo wake uko wazi na zana zake ndizo nilizozizoea. Namna ya kufikiri inafaa kwa kerneli yoyote.

Kabla hujagusa kitu: ripoti ya kwanza

Kerneli ikishaharibika inaweza kutoa ripoti kumi mfululizo. Yenye thamani ni ya kwanza. Tisa zilizobaki mara nyingi ni za majeruhi. Kwa hiyo hakikisha ile ya kwanza inahifadhiwa mahali ambapo kuanguka hakutaifuta: kdump, pstore, au netconsole inayotuma ujumbe kwenye mashine nyingine. Ukiweza, weka `kernel.panic_on_oops=1` kwenye mashine ya majaribio ili isiendelee kutembea ikiwa imejeruhiwa.

Andika pia toleo kamili la kerneli (`uname -r`), idadi ya prosesa, na herufi zilizo baada ya neno `Tainted` kwenye ripoti. Herufi `O` maana yake kuna moduli iliyotoka nje ya mti wa kerneli, na `P` ni moduli ya leseni iliyofungwa. Ukiziona, jaribu kwanza bila moduli hizo. Si kwamba zina hatia kila mara, ila msimbo wake umesomwa na macho machache zaidi.

Anwani za ripoti zigeuze kuwa majina ya faili na namba za mistari kwa `scripts/decode_stacktrace.sh`, iliyomo ndani ya msimbo wa kerneli wenyewe. Bila hatua hiyo unapiga ramli.

Dalili: inaanguka kila mara mahali tofauti

Swali la kwanza ni kama ni vifaa au programu. RAM mbovu huharibu biti moja moja, kwenye mashine moja, bila kujali kazi inayofanyika. Hali ya mbio huja na mzigo wa aina fulani na hufuata toleo la kerneli: mashine tatu zenye toleo hilohilo na kazi ileile zote zinaumwa. Ukiwa na mashine moja tu, ipime RAM usiku kucha, kisha usirudi tena kwenye mjadala huo.

Baada ya hapo angalia thamani zilizomo kwenye rejista. Hapa ripoti inasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Washa kerneli kwa `slub_debug=FZPU`, na kila kipande cha kumbukumbu kinachoachiliwa kitajazwa baiti `0x6b`. Ukikutana na mstari kama huu:

```
general protection fault, probably for non-canonical address 0x6b6b6b6b6b6b6b6b
```

mjadala umekwisha: kuna aliyesoma kielekezi (pointer) kutoka ndani ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Ukiona `dead000000000100` au `dead000000000122`, hizo ni thamani ambazo kerneli huandika kwenye kiungo cha orodha baada ya kukiondoa. Maana yake kitu kimeondolewa kwenye orodha mara mbili, au kuna anayeendelea kuipita orodha akiwa ameshikilia kiungo ambacho mwenzake amekwisha kukikata.

Sasa KASAN, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu kinachojengwa ndani ya kerneli. Iko kwenye Linux tangu toleo 4.0 la mwaka 2015. Inakula takribani moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya ramani yake na inapunguza kasi, hivyo si ya seva ya kazi. Lakini ripoti yake ina rundo tatu za miito (stack trace): nani amegusa, nani aliiomba kumbukumbu hiyo, nani aliiachilia. Wanaoanza husoma rundo la kwanza pekee, kwa sababu ndilo lililo juu na ndilo lenye neno `BUG`. Mimi husoma la tatu kwanza. Aliyegusa ni yule aliyekutwa na kisu mkononi. Aliyeachilia ndiye anayekuambia ni njia gani ya pili ilikuwa ikikimbia wakati huo, na hali ya mbio bila njia ya pili haielezeki. Mara nyingine kuna rundo la nne, `Last potentially related work creation`, linaloonyesha aliyepanga uachiliaji ufanyike baadaye kupitia RCU (utaratibu wa kungoja wasomaji wamalize kabla ya kuachilia) au foleni ya kazi. Ukiliona, lisome kabla ya yote.

Mfano mzuri wa aina hii ni CVE-2017-2636 (CVE ni orodha ya umma ya udhaifu wa usalama), iliyotangazwa na Alexander Popov Machi 2017. Draiva ya `n_hdlc` ilikuwa ikishikilia bafa inayotumwa kwenye kielekezi kimoja. Wakati utumaji umeshindikana, njia ya kutuma tena na njia ya kusafisha foleni ziliweza kuirudisha bafa hiyohiyo kwenye orodha ya bafa huru, kila moja kwa wakati wake. Orodha ikawa na bafa moja mara mbili, na ilipofika siku ya kufunga, kumbukumbu moja ikaachiliwa mara mbili. Kuanguka kulitokea wakati wa kufunga. Kosa lilikuwa limefanyika zamani, wakati wa kutuma. Hitilafu hiyo ilikaa humo tangu 2009, ndani ya draiva ambayo watu wengi hawajawahi kuitumia, lakini ambayo mtumiaji wa kawaida aliweza kuifanya kerneli iipakie yenyewe.

Dalili: ukiongeza `printk`, inapotea

Hii ni dalili ninayoipenda, kwa sababu karibu inajitaja jina. Kuandika ujumbe kwenye logi kwa `printk` kunachukua muda na kunashika makufuli ya kwake, hivyo mpangilio wa njia mbili unabadilika na dirisha linafungika. Hitilafu haijapona. Umeifukuza tu ikajificha.

Jaribu vitu viwili vinavyopingana. Kwanza washa kerneli kwa `maxcpus=1`. Hitilafu ikitoweka kabisa, una dalili nzuri kwamba prosesa mbili zilikuwa zikigombea kitu. Ikiendelea, usiondoe dhana ya mbio: uzi unaweza kunyang'anywa prosesa katikati ya kazi, na ukatizaji unaweza kuingia popote pasipozuiwa. Mashine ya prosesa moja ina mbio zake.

Pili, badala ya kuongeza ujumbe, ongeza uvivu. Weka `udelay(500)`, yaani mikrosekunde 500 za kungoja, kati ya mstari unaokagua na mstari unaotumia, pale unapopashuku, kisha endesha mzigo. Kama hitilafu iliyokuwa ikija mara moja kwa wiki sasa inakuja kila dakika, umelipata dirisha. Kama haibadiliki, ondoa na usogee kwenye pengo linalofuata. Ni kazi ya mikono, ya kuchosha, na inafanya kazi kuliko nadharia nyingi. Angalizo moja: ukiwa umeshika spinlock (kufuli ambalo anayelingoja huzunguka bila kulala) au uko ndani ya ukatizaji, usitumie `msleep`, ambayo huulaza uzi. Utatengeneza hitilafu mpya ukadhani umeipata ya zamani.

KCSAN, kitambuzi cha mbio kinachojengwa ndani ya kerneli, inafanya mchezo huohuo kwa mashine. Iliingia Linux 5.8 mwaka 2020. Inachagua baadhi ya usomaji na uandishi wa kumbukumbu, inaweka mtego kwenye anwani hiyo, inausimamisha uzi kwa mikrosekunde 80 (au 20 ndani ya ukatizaji), kisha inaangalia kama kuna mwingine amepita hapo. Akipita:

```
BUG: KCSAN: data-race in kazi_a / kazi_b
```

Majina mawili kwa mstari mmoja! KASAN inakupa maiti, KCSAN inakupa wagomvi. Haziwezi kujengwa pamoja kwenye kerneli moja, kwa hiyo jenga mbili na uziendeshe sambamba kwenye mashine mbili. Ila usichukulie kila ripoti ya KCSAN kuwa udhaifu. Nyingi ni takwimu zinazohesabiwa bila kufuli kwa makusudi, ambazo namba ikikosewa kidogo hakuna anayeumia. Hizo huwekewa `READ_ONCE`, `WRITE_ONCE` au `data_race` ili msomaji ajue ni makusudi. Onyo: kuzibandika tu ili ripoti inyamaze, bila kujua kwa nini kufuli halipo, ni kumziba mdomo shahidi.

Kuna tawi jingine la dalili hii: inatokea kwenye mashine za ARM tu, zile za x86 ziko salama. Prosesa za x86 huwaonyesha wenzake maandishi yake kwa mpangilio ulioandikwa. ARM ina ruhusa ya kuyapanga upya. Msimbo unaojaza sehemu za kitu kisha ukatangaza kielekezi chake kwa mgawo wa kawaida unaweza kuishi miaka kwenye x86, na kwenye ARM msomaji akakiona kielekezi kabla ya yaliyomo. Tafuta mahali palipotakiwa `smp_store_release` na `smp_load_acquire`, au `rcu_assign_pointer`, pakawekwa alama ya `=` peke yake.

Dalili: onyo la `refcount_t`

```
refcount_t: addition on 0; use-after-free.
refcount_t: underflow; use-after-free.
```

Tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017, vitu vingi vinavyohesabu marejeo (idadi ya wanaokitumia kitu) vilianza kuhamia kwenye aina hii, ambayo inakataa kufufuka kutoka sifuri na inakataa kuzidi kikomo. Ukiona onyo la kwanza, kuna aliyekipata kitu kwenye orodha au jedwali, na kabla hajaongeza hesabu, mwenye rejeo la mwisho akakiachilia. Tiba ya kawaida ni `refcount_inc_not_zero`, na kitu kilichokwisha fika sifuri kichukuliwe kama hakikupatikana. Onyo la pili ni kinyume chake: mmoja ameshusha mara mbili, au wawili wote wamejiona ni wa mwisho.

Watu hulipuuza onyo hili kwa sababu mashine haianguki. Haianguki kwa sababu kinga imefanya kazi. Bila kinga hiyo ungekuwa kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: ukaguzi umepita, lakini thamani mbovu imeingia

Umeweka ukaguzi wa urefu. Unauona kwa macho yako. Na bado bafa imefurika. Angalia ni mara ngapi kerneli inasoma kutoka kwenye kumbukumbu ya mtumiaji:

```
if (get_user(len, &u->len))
        return -EFAULT;
if (len > MAX)
        return -EINVAL;
if (copy_from_user(msg, u, len))
        return -EFAULT;
return process(msg, msg->len);
```

`u->len` imesomwa mara mbili: mara ya kwanza ikakaguliwa, mara ya pili ikaingia ndani ya `msg` bila kuulizwa. Uzi wa pili wa programu ileile unakaa kwenye prosesa nyingine ukigeuzageuza namba hiyo kati ya 16 na 60000. Wakati mmoja utaipatia. Kumbukumbu ya mtumiaji ni ya mtumiaji, naye ana haki ya kuibadilisha sekunde yoyote, hata wewe ukiwa katikati ya kuisoma.

Tiba ni mstari mmoja baada ya kunakili, `msg->len = len;`, au kunakili kila kitu mara moja kisha kukagua nakala. Mateusz Jurczyk na Gynvael Coldwind walionyesha mwaka 2013 ukubwa wa tatizo hili kwa kuiendesha Windows ndani ya kiigaji cha Bochs na kurekodi kila mahali kerneli inapoisoma anwani moja ya mtumiaji mara mbili ndani ya wito mmoja. Walipata makumi. Jamaa wa karibu wa kosa hili ni lile la majina ya faili: kukagua ruhusa kwa jina, kisha kulifungua jina hilohilo kwa mara ya pili, wakati kiungo kimekwisha kuelekezwa kwingine.

Kwa bahati, hili ni kosa unaloweza kulipata kwa kusoma tu. Tafuta `get_user` na `copy_from_user` zinazotaja kielekezi kimoja ndani ya kazi moja. Uwe mwangalifu pia na kikusanyi cha msimbo: kwenye eneo la kumbukumbu linaloshirikiwa moja kwa moja na mtumiaji, usomaji ulioandikwa mara moja unaweza kutekelezwa mara mbili usipoweka `READ_ONCE`.

Dalili: faili la kusomwa tu limebadilika

Hapa si kuanguka tena. Mashine inafanya kazi vizuri, logi ni safi, lakini alama ya hashi ya programu ya mfumo hailingani na ya kifurushi. Usiitegemee tarehe ya faili. Linganisha yaliyomo, kwa `rpm -V` au `debsums`, na ikiwezekana soma diski ukiwa umewasha mashine kwa mfumo mwingine, kwa kuwa kerneli unayoishuku ndiyo inayokusomea faili.

Chanzo maarufu ni Dirty COW, CVE-2016-5195, na inafaa kuielewa hatua kwa hatua kwa sababu ni mbio iliyo wazi kuliko zote. Programu inalipachika faili la kusomwa tu kwenye kumbukumbu yake kama nakala binafsi. Kwa utaratibu, ukiandika humo, kerneli inakutengenezea nakala ya ukurasa na faili lenyewe haliguswi. Sasa uzi wa kwanza unaandika kupitia `/proc/self/mem`. Kerneli inaona ukurasa hauandikiki, inatengeneza nakala, kisha inarudi kuutafuta ukurasa tena, safari hii ikiwa imeondoa sharti la "nataka kuandika", kwa sababu inaamini nakala ipo. Katika pengo hilo uzi wa pili unaita `madvise` kwa `MADV_DONTNEED`: tupa nakala yangu. Kerneli inarudi, haikuti nakala, inaleta ukurasa wa faili lenyewe kwa ajili ya kusoma tu, na inaandika humo.

Kila hatua peke yake ni halali. Hakuna mstari mmoja wa kunyooshea kidole, na ndiyo maana iliishi tangu 2.6.22 ya mwaka 2007 hadi Oktoba 2016, pale Phil Oester alipoinasa ikitumika kushambulia. Linus Torvalds aliandika kwenye kiraka kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuitibu miaka 11 nyuma, tiba ikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye s390 (kompyuta kubwa za IBM), na kwamba mbio iliyokuwa ya nadharia tu wakati ule ilikuwa imegeuka kuwa rahisi kuchokoza kadiri usimamizi wa kumbukumbu ulivyoboreshwa. Kwa hiyo mtu akikuambia dirisha ni dogo mno, muulize: dogo kwenye mashine ya mwaka gani?

Lakini dalili hii ina pacha asiye wa mbio. Dirty Pipe, CVE-2022-0847, nayo hubadilisha faili la kusomwa tu, na chanzo chake ni bendera moja ya bafa ya bomba ambayo haikusafishwa. Hakuna nyuzi mbili, hakuna dirisha, inafanikiwa kila mara. Max Kellermann aliifikia kupitia mafaili ya logi yaliyobanwa kwa gzip ambayo CRC yake ilikuwa mbovu mwishoni. Namna ya kuwatofautisha pacha hao ni matoleo (Dirty Pipe ilianza 5.8) na marudio: kinachofanikiwa mara ya kwanza, kila mara, hata ukiwa na prosesa moja, kitafutie chanzo kingine.

Dalili: mashine inaganda

Nitapita haraka. Kuganda kwa kawaida ni kukwama kwa makufuli, nyuzi mbili kila moja ikingoja kufuli la mwenzake. Washa `CONFIG_PROVE_LOCKING`, na lockdep, kikaguzi cha makufuli cha kerneli, itakuonyesha mpangilio uliogongana hata kama kugongana kwenyewe hakujatokea. Nimeitaja hapa kwa sababu kuganda mara nyingi ni zao la tiba mbaya ya mbio: aliyeongeza kufuli ameruka majivu akakanyaga moto.

Je, ni hitilafu tu au ni udhaifu?

Uliza nani anaweza kuzifikia njia zote mbili. Kama njia B inaendeshwa na `root` pekee wakati wa kuondoa kifaa, hatari ni ndogo. Lakini "root pekee" ni neno la kuangalia mara mbili. CVE-2016-8655, iliyogunduliwa na Philip Pettersson, ilihitaji ruhusa ya `CAP_NET_RAW`, ambayo mtumiaji wa kawaida hana, mpaka atengeneze nafasi yake ya majina ya watumiaji (user namespace), ambamo anakuwa bosi wa mtandao wake mdogo. Uzi mmoja ulibadilisha toleo la soketi ya pakiti huku mwingine ukiandaa pete ya bafa. Ukaguzi wa "pete haijawekwa bado" ulifanyika bila kufuli la soketi. Tiba ilikuwa kulishika kufuli hilo kabla ya kukagua, si baada.

Kisha uliza kama mshambuliaji anaweza kulitanua dirisha. Ikiwa ndani yake kuna `copy_from_user`, jibu ni ndiyo: anaielekeza kwenye ukurasa unaosimamiwa na `userfaultfd` au kwenye faili la FUSE (mfumo wa faili unaoendeshwa na programu ya mtumiaji), na kerneli inasimama ikingoja data ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeitoa, muda atakaotaka. Nanosekunde zinakuwa dakika. Tangu Linux 5.11 `vm.unprivileged_userfaultfd` huwa 0 kwa chaguo-msingi, lakini FUSE ipo, na kupanga nyuzi kwenye prosesa maalum hakuhitaji ruhusa.

Usidanganyike pia na kumbukumbu inayoachiliwa kwa kuchelewa. StackRot, CVE-2023-3269, ilikuwa kwenye matoleo 6.1 hadi 6.4: kutanuka kwa rundo la programu kulibadilisha nodi ya mti wa maeneo ya kumbukumbu huku msimamizi akiwa ameshika kufuli la kusoma tu, na nodi ya zamani ikangoja kipindi cha RCU kabla ya kuachiliwa. Ruihan Li alionyesha kwamba kuchelewa huko hakuzuii unyonyaji.

Kutibu bila kuhamisha tatizo

Kwa mfano wetu wa mwanzo, njia B inakuwa hivi:

```
spin_lock(&dev->lock);
buf = dev->buf;
dev->buf = NULL;
spin_unlock(&dev->lock);
kfree(buf);
```

na njia A inashika kufuli hilohilo kuanzia ukaguzi hadi mwisho wa kunakili. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuweka kufuli kuzunguka `if`, kuliachia, kisha kunakili. Dirisha limebaki, limevaa nguo mpya. Kosa la pili ni kuweka `dev->buf = NULL` kabla ya `kfree` bila kufuli na kuita hiyo tiba. Na kama `data` inatoka kwa mtumiaji, inakili kwanza kwenye bafa ya kando, kwa sababu huruhusiwi kulala ukiwa na spinlock.

Kabla ya kuandika kiraka, andika sentensi moja: sehemu hii inalindwa na kufuli hili. Usipoweza kuimalizia sentensi hiyo, bado hujakijua chanzo. Ukiweza, iweke kama `lockdep_assert_held(&dev->lock)` juu ya kila kazi inayogusa sehemu hiyo, mashine ikukumbushe.

Baada ya kiraka, tafuta ndugu zake. Tiba ya Dirty COW ilitegemea alama ya "ukurasa umechafuliwa" kuthibitisha kwamba nakala imetengenezwa. Kwenye kurasa kubwa, alama hiyo iliweza kuwekwa hata bila nakala, na mwaka uliofuata ikazaliwa CVE-2017-1000405. Rudisha pia ule `udelay` wako kwenye pengo na uendeshe mzigo usiku mzima. Kiraka kinachopita jaribio bila `udelay` hakijathibitisha lolote.

Kama wewe ni msimamizi wa seva tu

Huna haja ya KCSAN. Sasisha kerneli, kisha iwashe mashine upya. Kifurushi kipya kwenye diski hakibadilishi kerneli inayoendesha, na nimeona seva zenye viraka vya miezi sita vilivyowekwa na visivyowahi kuendeshwa hata siku moja. Linganisha `uname -r` na toleo lililorekebishwa: kwa StackRot, kwa mfano, ni 6.1.37, 6.3.11 au 6.4.1. Usambazaji mwingi huleta viraka nyuma bila kubadilisha namba kuu, hivyo soma tangazo la usalama la usambazaji wako badala ya kuamini namba pekee.

Kama huwezi kuwasha upya leo, punguza njia za kufikia. `user.max_user_namespaces=0` hufunga mlango uliotumiwa na mashambulizi mengi, lakini itavunja kontena zinazoendeshwa bila `root` na vizimba vya usalama vya vivinjari, kwa hiyo jaribu kwanza. Kuanzia 6.6 unaweza kuzima io_uring (njia ya kuiomba kerneli kusoma na kuandika kwa foleni) kwa `kernel.io_uring_disabled=2`. Moduli usizozihitaji zizuie zisipakiwe zenyewe, kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/modprobe.d/`:

```
install n_hdlc /bin/true
```

Kisha hakikisha kwa `lsmod` kwamba haikuwa imeshapakiwa kabla hujaandika mstari huo.